Hali ya Jino: Njema

Maji ya kwanza ya kusukutua yalitoka safi. Ya pili yalikuja na uchungu. Ya tatu Mwanasha aliyatemea kiganjani ili ayaone vizuri, akaona uzi wa usaha umejikunja ndani yake kama ute wa bamia. Aliyamwaga mchangani, akasukutua upya, kisha akamaliza udhu wake midomo imefumbwa, maana hewa ya alfajiri ikiyagusa yale meno mawili ya mbele, maumivu yalipanda mpaka nyuma ya jicho.

"Mama, jino limerudi?" bintiye Ummi alimuuliza kutoka jikoni, alikokuwa akipuliza makaa.

"Litarudije, nalo halikuondoka?"

Alipokwisha kuswali aliitoa kadi ya manjano chini ya kitambaa cha meza. Tarehe ilikuwa ya leo, Alhamisi, imeandikwa kwa kalamu nyekundu mwaka mzima uliopita: ziara ya mwisho, picha ya mfupa. Miezi minne sasa usaha ulikuwa ukitoka kwenye kipele juu ya ufizi, na miezi minne Mwanasha alikuwa akiihesabu tarehe hiyo kama watu wanavyohesabu kuandama kwa mwezi.

Meno mawili ni kitu gani, utasema. Watu wangapi hapa Tiwi wana mapengo na wanacheka mbele za wakwe zao? Lakini Mwanasha hakuwa muuza maandazi. Alikuwa mwalimu wa herufi. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyewapokea watoto wa madrasa wakiwa hawajui alifu wala kijiti, akawaonyesha makao ya kila herufi mdomoni: hii ya kooni, hii ya kaakaani, hii ya midomoni. Zikifika "the", "dhali" na "dhwa", alitoa ncha ya ulimi akaiegemeza kwenye ukingo wa meno ya juu ya mbele, nao watoto wakamchungulia mdomoni kama wanaochungulia kisima. "Fe" nayo ilitaka meno hayo hayo. Kila mwaka aliwaambia kwamba kwa Kiarabu herufi moja ikikosewa, "qalbu", moyo, hugeuka "kalbu", mbwa, na kila mwaka walicheka. Sasa mwalimu wa herufi asiye na meno ya mbele atafundisha nini? Wazazi wakiacha kumletea chochote chake cha mwezi, Mwanasha atabaki mjane mwenye robo eka ya mihogo, na hiyo mihogo yenyewe ngedere wana hisa kubwa kuliko yake.

Mambo yalianza miaka miwili nyuma, alipoteleza mahali pa kutawadha wanawake akapiga mdomo kwenye ukingo wa birika la kuhifadhia maji. Meno hayakuvunjika. Moja lilibadilika rangi pole pole likawa la kijivu, na miezi ilipopita ufizi ukavimba. Ndipo ulipokuja utafiti.

Utafiti ulikuja na gari jeupe lenye kipaza sauti, na maneno matamu kushinda halua. Walisema jino lililokufa linasafishwa ndani mpaka ncha ya mzizi, linajazwa dawa mpya, na mfupa ulioliwa na usaha unaota wenyewe. Wao wanachotaka ni kupima unavyoota. Picha moja mwezi wa sita tangu matibabu, nyingine mwezi wa kumi na mbili, na katikati yake simu kila mwezi. Mfupa usipopona, mshiriki atatibiwa upya bure. Sharti likawa moja, ukurasa wa tatu: mshiriki asitumie dawa nyingine yoyote ya meno bila ruhusa, asije akaharibu majibu. Mwanasha alitia saini kila ukurasa, kwa mwandiko mzuri kuliko wa karani aliyemwekea fomu.

Picha ya mwezi wa sita haikupigwa. Ujumbe uliingia kwenye simu kusema kwamba wafadhili wamepunguza fedha, na kwamba watakaohitajika wataitwa. Mwanasha akangoja kuitwa. Usaha ulipoanza, jirani alimpa vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwa mumewe, akavirudisha. "Nimeweka saini," alisema. Akaendelea na maji ya chumvi na karafuu, kwa kuwa ahadi ni deni, na yeye hakujua kwamba deni hilo alilijua peke yake.

Saa mbili unusu alikuwa mlangoni pa kliniki, nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Ukunda, akiwa amelipa nauli iliyopanda tena wiki hiyo pamoja na mafuta. Bawabu aliitazama kadi, akamtazama yeye.

"Hawa wanahama, mama. Kesho wanafunga. Hakuna mgonjwa leo."

"Tarehe si hiyo hapo?"

Bawabu aliikodolea macho tarehe kama iliyomkosea heshima, halafu akafungua lango.

Ndani maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka darini. Kwenye meza iliyobaki alikaa Gilbert, kijana wa bara mwenye sauti ambayo Mwanasha aliijua vizuri kuliko uso wake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpigia simu miezi yote hiyo. Alikuwa kijana mwema. Aliinuka, akamvutia kiti.

"Mama Tiwi! Habari ya leo? Uko fiti?"

"Njema, mwanangu, alhamdulillahi," alisema Mwanasha, na mdomo wake wa juu umevimba mpaka umeng'aa.

Gilbert akaichukua kadi, akabofya kompyuta, akakunja uso.

"Mama, wewe ulishafungwa."

"Nimefungwa na nani?"

"Kwa sistimu. Faili yako ilifungwa. Wewe ulipona." Aliigeuza kompyuta ili aone. "Wale waliopona hawapigwi picha ya mwisho. Pesa iliisha, so wakasema picha ni ya wenye wako na malalamiko pekee."

"Nani kasema nimepona?"

"Wewe mwenyewe, mama. Cheki hapa." Akaweka kidole kwenye kioo, akakishusha mstari kwa mstari. "Mwezi wa kwanza, hali ya jino, njema. Mwezi wa pili, njema. Wa tatu, njema. Wa nane, njema. Wa kumi na moja, juzi tu hapa, njema, alhamdulillahi. Hata hiyo nimeandika."

Mwanasha aliutazama mstari ule. Aliikumbuka simu yenyewe. Alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, shavu linawaka moto, na kijana akauliza, "Mama, hali ya jino?" Naye akajibu.

"Mwanangu," alisema, "ile si salamu?"

"Salamu aje?"

"Umeniuliza hali. Mtu akiulizwa hali hujibu njema. Ulitaka nikujibuje, nimkufuru Mungu kwenye simu?"

"Ungesema inauma."

"Hukuniuliza kama linauma. Uliniuliza hali, nikashukuru, nikawa nangoja uniulize tena. Ukaniambia asante mama, ukakata."

"Sasa ningekuuliza mara ngapi?"

Hapo Mwanasha alimwonea huruma, kama anavyomwonea mtoto aliyeletwa madrasa na umri umeshampita. "Sisi tukiulizana hali, mara ya kwanza jibu ni la Mungu. Mara ya pili unaniuliza watu wangu, na mimi nakuuliza wako. Ukirudi mara ya tatu ukasema, 'Lakini wewe mwenyewe hasa, hujambo?', hapo ndipo mtu husema panapomuuma. Akisema mwanzo huonekana hana adabu. Hata maiti wa kwetu ukimuuliza hali mara moja atakwambia njema."

Gilbert alianza kucheka. Kicheko kikamfia mdomoni. Aliirudisha kompyuta upande wake, akaanza kuteremsha orodha, kwanza pole pole, halafu mbio. Mwanasha alimsikia akisoma chini kwa chini: Tiwi, njema. Kikoneni, njema. Majoreni, salama, namshukuru Mungu. Majoreni, sijambo. Kikoneni, njema.

"Mama," alisema, bila kumwangalia, "karibu wote walisema hivyo."

Akaenda kumwita daktari.

Daktari Maryanne alikuja na glovu mkononi. Ndiye aliyelisafisha lile jino mwaka jana, na Mwanasha alikuwa akimpenda, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi na alieleza kila alichokifanya kabla ya kukifanya. Safari hii hakueleza. Aliinua mdomo kwa kidole, akabonyeza ufizi, usaha ukatoka, akavuta pumzi.

"Ile mashine ya picha haijafungashwa bado," alimwambia Gilbert. "Washa."

Picha ilipotokea Mwanasha hakuhitaji kuambiwa. Aliikumbuka ile ya kwanza, kivuli kidogo cheusi kwenye ncha ya jino moja, saizi ya punje ya choroko. Sasa kivuli kilikuwa kimeyafikia yote mawili, na mfupa uliokuwa katikati yake umelika pembeni kama sabuni iliyosahauliwa ndani ya ndoo.

"Yanaokoka?" aliuliza.

"Yangefunguliwa leo na kusafishwa upya, yana nafasi," alisema daktari. "Si kubwa. Lakini ipo."

"Basi fungua, mwanangu. Mdomo huu hapa."

Daktari alikaa. Ungemwona ungedhani ndiye mgonjwa. Alisema dawa zimerudishwa tangu Jumatatu, na kiti cha matibabu kilikuwa cha kukodi, wenyewe wanakuja kukichukua saa nane. Hesabu za utafiti zilifungwa mwezi uliopita, na ripoti imeshakwenda kwa wafadhili, imesema washiriki tisini na mmoja katika kila mia wamepona. Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo.

"Daktari," alisema Gilbert kutoka mlangoni, "na wale wengine? Wa njema?"

"Gilbert, funga mlango."

Gilbert aliufunga, akabaki upande wa nje.

"Nitakuandikia barua ya rufaa," daktari alimwambia Mwanasha. "Uende hospitali ya serikali leo leo. Kuna njia mbili. Nikiandika kwamba tatizo ni lile lile la zamani, hiyo ni kesi. Faili inafunguliwa, inakwenda Nairobi, inakwenda kwa kamati, kamati inakaa baada ya kila miezi mitatu. Barua siwezi kukupa mpaka wajibu. Lakini nikiandika kwamba lilipona, na huu ni uvimbe mpya, nachukua kalamu sasa hivi."

"Lakini si mpya."

"Najua si mpya."

"Nawe utaandika ni mpya."

"Mama, usaha unaelekea juu. Unaona hapa chini ya jicho? Mimi nataka upate matibabu leo. Karatasi ni karatasi tu."

Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule ndio uliommaliza Mwanasha. Angefokewa, angejua la kufanya. Wanawake wa Tiwi wakifokewa hawakosi jibu. Lakini daktari alikuwa amemshika mkono, macho yana machozi, na shavu lilikuwa likipiga kama ngoma. Alifikiri juu ya meno. Alifikiri kwamba meno kwanza, maneno baadaye. Barua ilipokwisha kuandikwa, alisoma mstari wenyewe mara mbili: Mshiriki alipona kikamilifu. Tatizo la sasa ni jipya na halihusiani na utafiti. Akatia saini chini yake, kwa mwandiko ule ule mzuri.

Gilbert alimfuata mpaka langoni.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa na simu themanini kwa siku. Walikuwa wanahesabu dakika."

"Haya, mwanangu."

"Hakuna mtu alituambia hiyo maneno ya mara tatu."

"Mlimuuliza nani?" alisema Mwanasha, na kwa mara ya kwanza siku ile aliisikia hasira kwenye sauti yake mwenyewe. Ikamshangaza. Akaondoka bila kuaga.

Hospitali ilikuwa imejaa. Dirisha la kwanza walimwambia mtandao wa bima umekatika, aende la tatu. La tatu walimrudisha la kwanza. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimwachia nafasi kwenye benchi alipouona uso wake, maana kufikia adhuhuri jicho la kushoto lilikuwa limebaki mstari tu. Walitoa namba kwenye vipande vya katoni. Yake ilikuwa arubaini na sita.

Saa nane na nusu aliitwa na Ngala, daktari wa meno wa zamu, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, ambaye alimwamkia vizuri, akamuuliza nyumbani, akamuuliza watoto, ndipo akauliza, "Na wewe mwenyewe, mwalimu, kimekupata nini?" Mwanasha nusura alie. Alimweleza yote, tangu birika. Ngala alisikiliza huku akiisoma barua, halafu akaisoma tena.

"Hapa wameandika ulipona kabisa."

"Wameandika."

"Na hii saini ni yako?"

"Ni yangu."

Ngala aliiweka barua mezani, akaikunjua kwa kiganja ingawa haikuwa na mkunjo.

"Mwalimu, kazi ya kusafisha mzizi hapa hatunayo. Tulikuwa na daktari mmoja anayeijua, utafiti ukamchukua kwa mshahara ambao serikali haiwezi. Huyo huyo aliyekuandikia. Ingekuwa imeandikwa kwamba wewe ni mgonjwa wao, ningewapigia simu sasa hivi waje wakuchukue, wakupeleke Mombasa, kwa gharama yao. Ni sharti walilolikubali walipopewa kibali, na mimi mwenyewe nilikuwako kwenye kikao. Lakini barua hii imekutoa mkononi mwao."

Mwanasha hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Aliniambia ni karatasi tu."

"Labda na yeye aliambiwa hivyo."

"Siwezi kuifuta?"

Ngala alipiga simu. Alipiga namba ya kliniki, ikalia mpaka ikakata. Akapiga ya daktari Maryanne, ikawa imezimwa. Akapiga ile iliyochapishwa chini ya barua kwa wenye malalamiko, na sauti ya kike iliyorekodiwa ikamshukuru kwa kushiriki. Akaishusha simu.

"Nikikupa dawa za kumeza na kukungoja wiki, huo usaha utaingia jichoni au utapanda kichwani. Nimeshauona ukifanya hivyo. Lazima yatoke leo."

"Yote mawili?"

"Yote mawili. Mfupa haupo wa kuyashika."

"Mimi nafundisha herufi," alisema Mwanasha. Aliona ni lazima alijue hilo, japo halitabadilisha kitu.

"Najua," alisema Ngala. "Binti yangu alipita mikononi mwako."

Meno ya bandia, alimweleza wakati ganzi ikikolea, yatataka mfupa ukomae kwanza, miezi sita au zaidi, kisha fundi wa Mombasa, kwa pesa ya mgonjwa mwenyewe. Akataja kiasi. Mwanasha akafumba macho. Meno yalitoka bila kushindana, la kijivu kwanza, kisha lile jeupe, ambalo halikuwa na kosa lolote ila kuwa jirani. Ngala aliyafunga kwenye pamba akampa, kwa kuwa watu wa huku huzika meno yao. Yalikuwa mepesi kuliko alivyodhani.

Alhamisi jioni na Ijumaa madrasa hazisomeshi. Mwanasha alilala, Ummi akampa uji uliopoa, uvimbe ukapungua. Meno aliyazika mchangani nyuma ya nyumba.

Jumamosi alikwenda. Ustadhi Swabir, mkuu wa madrasa, alimtaka akapumzike wiki, yeye akatikisa kichwa akaingia darasani. Watoto thelathini na wawili walikuwa wameketi mkekani, wengi wao wageni wa muhula huu, na nyuma wasichana wakubwa watatu waliokuja kuwasaidia wadogo. Aliketi. Alianza kama alivyoanza kwa miaka kumi na tisa.

"Alifu."

"Alifuuu!"

"Be."

"Beee!"

"Te."

"Teee!"

Ikafika zamu ya "the". Akatoa ncha ya ulimi, akaiinua kuiegemeza. Haikupata pa kuegemea. Ilipita katika lile pengo bichi ikagusa ndani ya mdomo wa juu, na pumzi ikatoka na mluzi.

"Se," alisema.

"Seee!" waliitikia watoto kwa nguvu zao zote, kwa sababu alikuwa amewafundisha kusema kama asemavyo mwalimu, bila kuongeza wala kupunguza.

Alirudia. Alijaribu kuuminya ulimi kwenye ufizi, alijaribu kuuweka pembeni kwenye jino la tatu, jasho likamtoka, damu kidogo ikamjaa kinywani akaimeza. Mara ilitoka "se", mara ikatoka "she". Na kila ilivyotoka, vinywa thelathini na viwili viliipokea vikairudisha kamili, mluzi na yote. Wasichana watatu wa nyuma walijua. Aliwaona wakiinamisha macho mkekani. Hakuna hata mmoja aliyenyanyua mkono, maana mwanafunzi hamsahihishi mwalimu wake, na hilo pia yeye ndiye aliyewafundisha.

Aliinuka. Ustadhi Swabir alikuwa amesimama mlangoni, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amesikia.

"Nitafutie mwengine wa kushika darasa hili, Ustadhi," alisema Mwanasha. Hata "Ustadhi" haikutoka kama Ustadhi.

"Mwalimu, usikate tamaa. Hawa ni watoto wadogo. Hawatambui tofauti. Wewe endelea, watakaposogea darasa la juu tutawanyoosha."

"Nani atawanyoosha? Leo wakirudi nyumbani watasoma hivi, na wadogo zao watasikia."

"Wazazi wenyewe hawajui."

"Wasiojua ndio tuwape la uongo?"

Ustadhi aliangalia chini. Alikuwa mtu mwema, naye pia, na Mwanasha alikuwa amechoshwa na watu wema. "Utakula nini?" alimuuliza kwa sauti ya chini, ili watoto wasisikie.

Mwanasha alijua kwamba mwezi huu wazazi watamletea kwa kumhurumia, na mwezi ujao watasahau. Alijua pia kwamba Alhamisi aliyaachia maneno ya uongo yapite chini ya mkono wake kwa ajili ya meno mawili, na meno hayo sasa yako mchangani nyuma ya nyumba, na maneno yale yako kwenye ripoti, na kule Majoreni na Kikoneni kuna watu wameinua kadi za manjano wanahesabu tarehe zao. Aliona haya, haya ya kweli, iliyomchoma kuliko kidonda.

"Siwafundishi," alisema.

Alivaa viatu vyake kizingitini, akajifunga mtandio, akatoka. Ustadhi Swabir alibaki ameshika mlango, hajui amwite au amwache. Ndani hapakuwa na mtu aliyewaambia watoto wanyamaze, nao waliendelea na somo kama walivyolipokea, kwa pamoja, kwa sauti ya juu, "Seee! Seee! Seee!", na Mwanasha aliwasikia mpaka alipoifikia barabara.